Hakurudi na Hajarudi

Siku mliyoniaga kwa chai na mandazi katika chumba kile cha nyuma cha mahakama, mmoja wenu aliniomba nisimame niseme mawili matatu. Nilisimama, nikakohoa, nikaketi. Mtu aliyekula jasho lake kwa kusema maneno ya wengine hana mazoezi ya kusema yake mwenyewe. Ndiyo maana nimeona niandike, polepole, hapa nyumbani Gatitu, saa za asubuhi, ng'ombe akiwa amekwisha kukamuliwa na ukungu bado umelala juu ya majani chai ya jirani.

Sitawachosha na habari za vyeo. Nilianza nikiwa mkalimani, nikamaliza nikiwa mkalimani, na katikati nilikuwa mkalimani. Mshahara wake mnaujua, tusiharibu siku.

Vifaa vya kazi yetu ni vichache. Nilikuwa na leso, peremende za mnanaa za kulainisha koo, na viatu vya soli laini. Soli laini ni muhimu. Ule ubao wa sakafu ulio karibu na kizimba cha mashahidi pale Nyeri hulia ukikanyagwa, na shahidi mwoga akiusikia hunyamaza kama aliyeambiwa anyamaze. Vifaa vingine vyote ni masikio, na masikio hayatolewi na serikali.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya sabini, kijana mwenye suti ya kuazima na Kiswahili cha shule. Siku yangu ya kwanza kulikuwa na kesi ndogo kutoka Ruring'u. Mzee mmoja alikuwa amemshtaki jirani yake kwa kutikisa mti wa plamu huku mtu akiwa juu yake. Hakimu alikuwa mtu wa upande wa ziwani, mpole, mwenye mwandiko mzuri, na Kikuyu hakujua hata salamu. Mzee akaapishwa, akaanza kueleza, nami nikawa namfuata neno kwa neno, najiona nimefika.

"Mama yangu alikuwa juu ya mti wa plamu, mheshimiwa," nikasema. "Huyu jirani akaja akautikisa. Mama yangu akaanguka, akavunjika mkono."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akamtazama yule mzee, mvi tupu kichwani, mkongojo mkononi.

"Mama yake?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mwulize mama yake ana umri gani."

Nikauliza, nikajibiwa, nikatafsiri bila kupepesa macho. "Anasema bado hajaanza shule."

Watu walicheka mpaka askari wa mlangoni akageuka ukutani. Mimi sikuona kosa liko wapi, na hilo ndilo linalonichekesha hadi leo. Ninyi mliozaliwa huku mnaelewa. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na kwa hiyo baba humwita maitu, yaani mama yangu, tangu akiwa kwenye nepi. Mzee alisema maitu na mimi nikasikia maitu. Katika masikio yangu msichana mdogo kuwa mama wa mzee lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Aliyenitoa nje akanikalisha kwenye benchi chini ya mkaratusi alikuwa Mzee Shaabani, mkalimani mkuu. Alikuwa Mwislamu wa Nanyuki, mwana wa mfanyabiashara wa mifugo, mrefu, kofia yake nyeupe haijawahi kupinda. Kikuyu alijifunza sokoni akiwa mdogo, baba yake akipatana bei ya mbuzi, na alikijua vizuri kuliko wengi waliokinyonya kwa mama zao. Kiswahili alikipenda jinsi mtu mwingine anavyompenda farasi wake.

"Kijana," akaniambia, "umefanya hakimu aandike ati ajuza amepanda mti."

"Ndivyo alivyosema, mzee."

"Alivyosema, ndiyo. Lakini alikuwa anamsema nani?"

Hiyo ndiyo shule niliyosomea. Kila mchana, wakati wa chapati na chai ya rangi, aliniuliza neno moja. Siku moja aliniuliza tofauti ya "hakurudi" na "hajarudi". Nikamwambia ni kitu kimoja. Akaweka kikombe chini polepole.

"Nyinyi watu wa huku juu mnavunja Kiswahili kama kuni," akasema. "Kila kitu hakurudi, hakukuja, hakufika. Sikiliza. Ukisema hakurudi, umefunga mlango, umetia komeo, umekwenda kulala. Ukisema hajarudi, mlango umeurudisha tu. Mtu akiusukuma anaingia. Kikuyu pia kinazo hizo mbili, wewe unazitumia kila siku bila kufikiri. Usimfungie mtu mlango ambao yeye mwenyewe hajaufunga."

Nikalishika, nikadhani ni sarufi.

Ilikuwa kwenye benchi hilo hilo, siku ya manyunyu, mlima umejificha kama kawaida yake, ndipo akaniuliza swali ambalo hakuna Mkikuyu angeniuliza kwa sababu ya heshima.

"Wewe Wahome, mama yako anakuitaje?"

"Ananiita baba."

"Kwa nini?"

"Nina jina la baba yake. Babu yangu mzaa mama alikuwa Wahome."

"Na wewe ndiwe wa kwanza?"

"Mimi ndiye kifungua mimba. Kisha dada zangu, kisha Kanyi, mwenye jina la baba mdogo."

Mzee Shaabani akatafuna chapati yake akiangalia mvua. "Nanyi mna utaratibu wenu," akasema. "Mvulana wa kwanza ni baba wa baba. Wa pili ni baba wa mama. Babu yako upande wa baba aliitwa nani?"

"Nderitu."

"Basi Nderitu wenu yuko wapi?"

Nilikuwa nimeishi na jina langu miaka yote hiyo, nimeliandika kwenye vitabu vya shule, nimeitwa nalo uwanjani, na sikuwahi kuona kwamba lilikuwa limeketi kwenye kiti cha pili. Mbele yangu kulikuwa na kiti kitupu.

"Huenda alikufa akiwa mchanga," nikasema.

"Angekufa, Kanyi angepewa hilo jina. Wengi wenu hulirudisha jina la mtoto aliyekufa, halipotei. Lenu halikurudishwa. Kuna mtu hapo nyumbani amelikalia." Kisha akaona uso wangu, akaniwekea mkono begani. "Nimesema sana. Kula."

Jioni ile nilikwenda kwa mama. Baba alikuwa ameshafariki. Alirudi kutoka kizuizini cha wakoloni akiwa amechoka mwili na maneno, akaishi nasi miaka michache, akaenda zake. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Nilizunguka mbuyu kidogo, nikauliza habari za ng'ombe, za kanisa, kisha nikauliza kwa nini mimi sikuitwa Nderitu.

Vidole vyake vilisimama juu ya ungo. Kisha vikaendelea.

"Chai yako inapoa, baba," akasema.

Haikuwa inapoa, nilikuwa sijamiminiwa. Lakini mama yangu alikuwa mwanamke ambaye akifunga maneno yake, unaweza kukesha mlangoni. Sikumwuliza tena kwa miaka mingi. Nilimwona tu, kila alasiri, akimaliza kazi alikuwa akisimama penye lango la shamba akiangalia barabara ya kutoka Kiganjo, mkono mmoja kiunoni. Zamani nilidhani anapumzisha mgongo. Sasa nilijua anamtazamia mtu, na hapo ndipo nilipojiapiza moyoni kwamba nitamtafuta huyo Nderitu nimletee mama kabla hajazeeka.

Fikirini nilikuwa na kazi gani. Kila siku mtu alipanda kizimbani na mimi ndiye niliyemwambia, kwa sauti yangu, "Taja jina lako na la baba yako." Hakuna aliyeuliza watu wengi wa mlima huu majina yao kuliko sisi wakalimani. Nilipelekwa Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya, na kila nilikopelekwa niliuliza swali la serikali na ndani yake nikauliza langu. Kuna asubuhi mahakama ilikuwa kimya, jua limeingia kwa madirisha ya juu, vumbi linaelea, na majina yakipita masikioni mwangu moja moja, Kariuki wa Ndirangu, Muthui wa Gathogo, mpaka nikawa kama mtu aliyeketi kando ya mto anaangalia majani yakipita, akingoja jani moja.

Shida ni kwamba jani hilo lilipita kila wiki. Nderitu wa Gichuki! Baba yangu alikuwa Gichuki, na kwa utaratibu wetu Gichuki akimzaa mwana humwita Nderitu, na Nderitu akizaa humwita Gichuki, hivyo hivyo, kama watu wanaopokezana ndoo kutoka kisimani, na katika kila tarafa kuna familia inayofanya hivyo. Nilikutana na Nderitu wa Gichuki mwalimu, Nderitu wa Gichuki mwizi wa kuku, Nderitu wa Gichuki aliyemwuma shemeji yake sikio. Huyo wa sikio niliomba sana asiwe ndugu yangu. Desturi ile ile iliyoniambia kwamba yupo ndiyo iliyomficha katikati ya wenzake.

Mmoja karibu aniue. Ilikuwa Nanyuki, kesi ya mbuzi walioingia kwenye ngano ya mtu. Alipanda kizimbani mtu wa makamo, umri ule ule niliokuwa nimeupiga hesabu kichwani, na paji la uso la ndugu yangu Kanyi, limechomoza vile vile. Nikamwambia ataje jina. Alipotaja, sauti yangu iligoma. Hakimu akauliza kama ninaumwa. Nikachukua peremende, nikaendelea, lakini sikumbuki neno hata moja la ile kesi, wala mbuzi wale waliishia wapi.

Baadaye nilimkimbilia kwenye baraza. "Ndugu, samahani. Mama yako yuko wapi?"

"Si yule pale, na kiondo," akasema. "Alikuja kunitetea."

Yule mama, mnene, akaja mbio. Alikuwa na paji lile lile la uso. "Wewe wa korti, uko na shida gani na kijana wangu? Kesi si imeisha? Ama unataka kuanza ingine?"

"Hapana, mama. Nilimfananisha."

"Ulimfananisha na nani?"

Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jengo. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo, mweupe juu, karibu mno. Nililia kidogo, nikafuta uso kwa ile leso ya kazi, nikarudi ndani kwa kesi iliyofuata.

Mzee Shaabani alikuwa amestaafu wakati huo, anafuga kuku kwake Nanyuki na kuwafundisha adabu. Kila nilipopita kumsalimu aliuliza neno moja tu kabla ya chai: "Nderitu?" Nami nilimjibu, "Hajarudi, mzee," naye aliitikia kwa kichwa, akaridhika kwamba angalau sarufi niliishika.

Sasa niwaambie kesi ya Karatina, kwa maana kuna wanaoisimulia vibaya. Ilikuwa kesi ya urithi. Mzee alikuwa amefariki, watoto wanataka shamba ligawanywe, na mwana mmoja alikuwa ameondoka zamani kutafuta kazi. Kaka yake alikataa mkalimani. Alitaka kusema Kiswahili mwenyewe, kifua mbele.

"Mheshimiwa, huyo alienda na hakurudi. Sisi tuko hapa. Shamba ni yetu ile tuko hapa."

Hakimu akaandika. Ilikuwa inaelekea kwamba aliyeondoka ahesabiwe hayupo, na sehemu yake iingie kwa wenzake. Kisha akaitwa mama yao. Alikuwa mdogo wa mwili, amejifunga leso kichwani, na yeye akasema Kikuyu. Alisema maneno machache, nami nikayasema kwa Kiswahili.

"Mwanangu wa tatu hajarudi, mheshimiwa."

Wakili wa wale vijana akainuka. "Tumeshasikia hayo. Ni kile kile."

"Si kile kile," nikasema, kabla ya kukumbuka kwamba mkalimani hana maoni. Hakimu, huyu alikuwa mama kutoka pwani, akanitazama juu ya miwani.

"Mkalimani, shahidi amesema hakurudi au amesema hajarudi?"

"Hajarudi, mheshimiwa. Mwana wake amesema hakurudi. Mama hakusema hivyo. Mama anamngoja."

Hakimu akamgeukia yule mama, akaniambia nimwulize tena, mwenyewe, taratibu. Nikamwuliza. Yule mama hakumjibu hakimu, alinijibu mimi, akiniangalia usoni kana kwamba tuko wawili tu. Alisema kila jioni anampakulia. Nikalitafsiri hilo.

Sehemu ya yule mwana iliwekwa kando kwa jina lake. Nje, kaka zake walinizunguka. "Ati 'ja'!" mmoja akapiga kelele. "Shamba yetu imeenda na 'ja'! Wewe mkalimani ni mtu gani?" Kweli lilikuwa swali. Nilitembea mpaka sokoni, nikanunua viazi nisivyovihitaji, nikabaki nimevishika. Nilikuwa nimeona wazi kwamba mambo aliyonifundisha Mzee Shaabani hayakuwa sarufi hata kidogo, na kwamba nyumbani kwetu Gatitu kuna mtu anayempakulia mwanawe kwa macho tu, pale langoni.

Si muda mrefu baadaye nilihamishiwa Kerugoya. Mama alikuja kunitembelea, na kwa kuwa dada yangu mdogo alikuwa anaolewa, akataka twende Wang'uru, huko Mwea kunakolimwa mpunga, kununua mchele wa harusi, maana mchele wa dukani alisema una harufu ya dukani. Tulifika asubuhi. Vumbi la makapi lilikuwa hewani, jepesi, linametameta, linakaa kwenye nyusi za watu. Mama alikuwa akipitisha punje kwenye kiganja akinusa, na mimi nimesimama nyuma yake na gunia, mtumishi wa serikali.

"Mama Nderitu!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara. Mama yangu aligeuka. Aligeuka mara moja, mwili mzima, jinsi mtu anavyogeuka akiitwa jina lake. Kisha akajishika, akanitazama, kiganja bado kimejaa mchele. Kwetu Gatitu kila mtu alimwita Mama Wahome. Sikuwahi kusikia mtu akimwita vile.

Mwanamke mwenye mwamvuli wa njano alikuwa ameshavuka, amemkumbatia, analia na kucheka. Waliishi pamoja katika kijiji tulichofungiwa wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakipigana na wapigania uhuru wa msituni. Huko ndiko nilikozaliwa. Akamshika mama mabega, akamwuliza kwa Kikuyu, wazi wazi, jinsi rafiki anavyouliza:

"Na yule kijana, alirudi?"

"Hajarudi," mama akasema.

Mnajua Kikuyu. Mnajua neno alilolitumia. Mimi nililisikia kwa masikio ya kazi, na kazi yote niliyowahi kufanya ikakusanyika pale, katikati ya magunia.

Mvua ikaanza, ile ya Mwea isiyobisha hodi. Rafiki yake akakimbilia kwake. Tukasimama chini ya bati la duka, mama na mimi, gunia kati yetu, na mashamba ya mpunga mbele yetu yakageuka meupe mpaka hukujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Sikumwuliza. Nilikuwa nimejifunza kungoja shahidi.

"Tulikuwa tunafanya kazi kwa mzungu, huko juu ya Nanyuki," akaanza, macho kwenye mvua. "Hali ya Hatari ilipoanza tukaambiwa sote turudishwe kwetu. Baba yako alikuwa ameshachukuliwa. Malori yakaja. Wewe nilikuwa nawe tumboni, mzito. Nikampandisha Nderitu lori la mbele na jirani yangu, nikabaki na mizigo nipande la nyuma. Nilimwona akinipungia. Alikuwa amevaa sweta niliyoifuma mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine."

Nikasikia bati.

"Tulipofika kwetu, lori la mbele lilikuwa limefika, limekuwa tupu. Yule jirani alisema walisimama njiani watu wanywe maji. Watu walikuwa wengi, malori mengi. Akasema mtu alimwita. Mwanamke. Alimwita kwa jina: 'Nderitu, njoo, panda.' Mtoto akaenda."

"Alimwita kwa jina? Alimjua?"

"Nimefikiri hilo miaka yote, baba. Nderitu ni wengi. Huenda alikuwa anamwita wake, na wangu akaitika. Nilimfundisha akiitwa asikawie."

Nilimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la mchele.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nikiwaambia, watu watasikia. Wakisikia watakuja kuniambia pole. Pole ni ya aliyekufa." Akaukung'uta mkono wake, akainama kuangalia gunia. "Na Kanyi alipozaliwa, shangazi zako walitaka aitwe Nderitu. Nikakataa. Nderitu yuko. Huwezi kumpa mtu kiti cha mtu aliyetoka tu nje. Hebu shika upande huo, mvua inapungua."

Nilifanya niliyoyaweza. Niliandika, niliuliza, nilikwenda mpaka Timau na Laikipia kuongea na wazee waliowahi kupanda malori yale. Kila mmoja alikumbuka lori lake. Mmoja alisema aliona mtoto mwenye sweta ya mkono mrefu akishushwa Naro Moru. Mwingine akasema hapana, ni Kiganjo, na sweta ilikuwa ya msichana. Ndoto za watu wengine huwezi kuziapisha. Kila nilipofuata njia moja nilifika mahali ukungu umeikata, nikarudi, na mama akinitazama usoni pale langoni, haulizi, anasogeza tu chai.

Kisha mke wangu akajifungua mvulana wetu wa tatu. Wa kwanza ana jina la baba yangu, wa pili ana la mkwe wangu, na wa tatu kwa haki yake humfuata kaka mkubwa wa baba. Watu wote walijua kwamba mimi sina kaka mkubwa. Mama alifika na uji kwenye chupa ya chai, akaketi kitandani, akamchukua mtoto, akauliza vile wanavyouliza wamama wetu:

"Amezaliwa nani?"

"Nderitu," nikasema.

Mikono yake ikatulia. "Nderitu baba wa mume wangu? Ama Nderitu huyu wetu?"

"Huyu wetu, mama. Kaka yangu."

Alimtazama yule mtoto muda mrefu. Nilikuwa na hofu kuliko siku yoyote kortini, maana kama angeona nimemfungia mlango, asingenisamehe. Lakini mtu huitwa kwa jina la mjomba au baba mkubwa aliye hai, akiwa mbali au karibu, na mama aliijua sheria hiyo vizuri kuliko mimi. Machozi yalimtoka bila sauti, yakadondokea kwenye shali.

"Vizuri," akasema. "Akirudi atakuta wajina wake." Kisha akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo. "Na wewe sasa umepata mkubwa wako. Utamheshimu."

Namheshimu. Mtoto huyo nilimwita kaka tangu akiwa kwenye nepi, na siku hakimu mmoja aliponiuliza kwa nini nimeomba ruhusa, nikamwambia kaka yangu anaota meno. Yule mzee wa plamu angenielewa.

Mama alifariki msimu wa baridi, ukungu haukuinuka siku nzima. Mnafahamu mazishi yetu yalivyo. Mwenye kipaza sauti huita jamaa mmoja mmoja wasimame waonekane. Nilikuwa nimeongea naye mapema, kijana mzuri wa kanisani, nikamweleza aanze na nani. Akasimama kando ya jeneza, akasoma kwa sauti safi:

"Kifungua mimba wa mama yetu ni Nderitu wa Gichuki. Huyu alipotea wakati wa Hali ya Hatari, na hakurudi."

Sikujua nimeinuka. Nilikuwa natembea kwenye nyasi zenye maji kwa viatu vyangu vya soli laini, watu wote wananitazama, na nikafika nikasimama kando yake, upande wa kushoto, hatua moja nyuma, pale ninapojua kusimama.

"Hajarudi," nikasema.

Kijana alinitazama, hakuelewa. Nikamwomba kipaza sauti. "Mama yangu hakusema hakurudi. Alisema hajarudi. Naomba liandikwe hivyo."

Hapakuwa na mtu wa kuandika. Lakini wamama wa rika lake, waliokuwa wameketi mbele na leso zao, waliitikia kwa pamoja, kwa sauti ya chini. Kisha kijana akamwita wa pili, nami kwa kuwa nilikuwa tayari nimesimama, nikabaki pale.

Sasa mmejua kwa nini nilishindwa kusema siku ile ya chai. Mimi nimestaafu, simwulizi tena mtu jina lake, na asubuhi hizi kimya hiki kinanitisha kidogo. Ninyi bado mnauliza. Siku moja atapanda kizimbani mzee, ataambiwa ataje jina, atasema Nderitu, na la baba litakuwa Gichuki au litakuwa lingine, la watu waliomlea. Mkimaliza kazi ya serikali, mfuateni nje polepole. Mwulizeni kama anakumbuka sweta yenye mkono mmoja mrefu. Akikumbuka, mwambieni hajachelewa, aje Gatitu, hata kama ni kaburi tu la mama atakaloliona. Aulize mtu yeyote nyumba ya mkalimani. Lango letu halina komeo, nililitoa.